Binti wa miaka minane, mama wa miezi mitano

Wazazi walioleta kisa hiki walikuwa wamemwasili binti kutoka nchi nyingine, yaani wamemchukua kisheria awe mtoto wao, na walikuwa wameyapanga malalamiko yao kuanzia dogo hadi zito. Mtoto anaficha chakula chumbani. Anadanganya hata pale ambapo ukweli usingemletea shida yoyote. Amevunja vitu vya mdogo wake. Shuleni anapiga soga kama wenzake, lakini karatasi ya mtihani anairudisha karibu tupu. Mwisho kabisa mama akalitoa lile lililomleta hasa: "Hanitaki. Anamtaka kila mtu isipokuwa mimi." Kilichowachanganya wote wawili ni kwamba miezi ya mwanzo hapakuwa na hata moja kati ya haya. Mtoto alikuwa mtiifu, mchangamfu, mwepesi wa kusaidia. Ndugu na majirani waliwapongeza. Sasa ni mwezi wa tano, na baba aliuliza kwa sauti ya chini kama kuna mahali walipokosea.

Hawakukosea. Mwezi wa tano ndipo mtoto huyu alipoanza kuishi katika nyumba ile. Miezi iliyotangulia alikuwa mgeni mwenye adabu, na adabu yenyewe ilikuwa kazi ngumu aliyoifanya mchana kutwa bila kupumzika. Kila nilichowashauri wazazi hawa kilitokana na usomaji huo, na ndio ninaoueleza hapa.

Nimeondoa nchi, majina na chochote kinachoweza kumtambulisha mtoto au familia. Baadhi ya mambo nimeyaunganisha kutoka zaidi ya nyumba moja, maana hali hizi hujirudia karibu kwa mpangilio uleule popote mtoto mkubwa anapoasiliwa kutoka nchi moja kwenda nyingine.

Alikotoka

Kwa mujibu wa hati zake alikuwa na miaka minane na miezi kadhaa alipowasili. Alipokelewa katika kituo cha kulea watoto akiwa na miaka mitatu hivi, na tarehe yake ya kuzaliwa ilikadiriwa na daktari. Miaka mitano aliishi na watoto wengi chini ya walezi wachache wa zamu, wote wanawake, wanaoingia asubuhi na kuondoka jioni, na wengine waliondoka moja kwa moja. Mkataba wa The Hague wa tarehe 29 Mei 1993, unaohusu kuasili watoto kati ya nchi na nchi, unataka familia ipewe ripoti yenye historia ya mtoto, mazingira aliyokulia, habari za familia yake na za afya yake. Ripoti ya binti huyu ilikuwa fupi mno. Sehemu kubwa ilikuwa chanjo. Kuhusu tabia yake palikuwa na sentensi moja tu: ana ushirikiano mzuri, anasaidia wadogo.

Sentensi hiyo ilipaswa kusomwa mara tatu, na hakuna aliyeisoma hata mara mbili. Nitaifikia.

Mkataba huohuo, katika kifungu cha 4, unataka mtoto apewe ushauri na aelezwe maana ya kuasiliwa kwa kadiri ya umri na ukomavu wake, na matakwa yake yazingatiwe. Kwenye faili palikuwa na alama ya kuonyesha kwamba hilo limefanyika. Alichoelezwa mtoto, kama alivyokuja kukisimulia mwenyewe baadaye, ni kwamba atapanda ndege, atapata mama na baba, na atakuwa na kitanda chake peke yake. Yote hayo yalikuwa kweli. Ila hakuna aliyemwambia kwamba hatarudi. Alidhani ni matembezi.

Hili huniuma kila ninapolikuta, na nalikuta mara nyingi. Mtoto wa miaka minane ana marafiki anaowajua kwa sauti gizani, ana kona yake, ana kazi anayosifiwa, ana mtu anayemwogopa na mtu anayemtegemea. Anapopewa familia ananyang'anywa vyote hivyo siku hiyohiyo. Watu wazima wanaona anachokipata. Anachokipoteza anakiona peke yake.

Familia iliyompokea ilikuwa na mtoto mmoja wa kiume, wa miaka sita. Wazazi walihudhuria mafunzo, walisoma, walijiandaa. Sisemi hivyo kwa kuwapamba. Maandalizi yao ndiyo yaliyowawezesha kutafuta msaada mwezi wa tano badala ya mwaka wa tano. Familia za namna yao zinakabiliana na kazi tofauti na ya wale waliotangulia. Idadi ya watoto wanaoasiliwa kimataifa ilifika kileleni mwaka 2004, takriban watoto 45,000 kwa mwaka huo mmoja, kisha ikaporomoka. Ethiopia ilipiga marufuku mwaka 2018, na China ikasitisha mwaka 2024 isipokuwa kwa watoto wa ndugu wa karibu wa damu na watoto wa mwenzi. Watoto wachanga wenye afya ni nadra sasa. Wengi wanaopatiwa familia nje ya nchi zao ni wakubwa, au ni ndugu wanaokwenda pamoja, au wana mahitaji ya kiafya.

Utiifu wa miezi ya mwanzo

Mama alinisimulia tukio moja kwa fahari. Wiki ya tatu mtoto alianguka nje ya nyumba, goti likachubuka, damu ikashuka mpaka kwenye soksi. Hakulia. Alisimama, akajikung'uta, akaenda bombani akajiosha mwenyewe, akaivua soksi akaifua. Mama alipofika alimkuta anaikamua. "Ni jasiri sana," aliniambia.

Kati ya yote niliyoyasikia, hilo ndilo lililonitia wasiwasi kuliko uongo, kuliko chakula kilichofichwa. Mtoto aliyezoea kulelewa akiumia anamtafuta mtu. Anaweza kulia, kukimbia, kunyoosha mkono, au kutazama tu kama kuna anayemwona. Huyu hakutazama hata upande. Alikwisha jifunza kwamba maumivu ni shughuli ya mtu mwenyewe.

Wiki hizohizo alikuwa akiwakumbatia wageni wa kike, akimkalia mapajani mtu aliyemwona dakika kumi zilizopita, na kumwita "mama" jirani, mwalimu na muuguzi. Wazazi waliona ni upendo umejaa. Watafiti wameitazama tabia hii kwa miaka mingi. Baada ya utawala wa dikteta Ceaușescu kuanguka Romania mwaka 1989, watoto wengi waliokuwa katika vituo vya hali mbaya waliasiliwa Uingereza, na kundi la daktari wa akili wa watoto Michael Rutter likawafuatilia 165 kati yao hadi utu uzima. Urafiki huu usiochagua mtu ni miongoni mwa mambo yaliyodumu kwa waliokaa kituoni zaidi ya miezi sita. Utafiti mwingine, uliofanyika Bucharest kwa watoto 136, uliwagawa kwa kura: nusu wakapelekwa kwa familia za kulea, nusu wakabaki katika utaratibu wa kawaida. Waliopata familia walisonga mbele zaidi, hasa waliotoka vituoni wakiwa wadogo.

Nilitahadhari nilipowaeleza wazazi haya, maana takwimu za watoto waliotoka vituoni kabla ya kufika miaka minne haziwezi kumtabiri mtoto wa miaka minane. Tena huyu alikuwa na miaka mitatu ya mwanzo ambayo hatuijui, na huenda palikuwa na mtu aliyempenda. Nikawapa na upande wa pili wa matokeo ya Rutter: hata kati ya waliokaa muda mrefu katika mazingira yale, mmoja kati ya watano hakuonyesha matatizo katika vipimo vyote mpaka ukubwani. Na uchambuzi mpana wa Femmie Juffer na Marinus van IJzendoorn, uliochapishwa mwaka 2005, ulionyesha kwamba walioasiliwa kimataifa hupelekwa kwa wataalamu zaidi ya watoto wengine, lakini walio wengi wanaendelea vizuri.

Ushauri wa kwanza uliwashangaza: punguzeni watu. Kwa miezi kadhaa, chakula kitoke mikononi mwa mama na baba tu. Wao ndio wamwogeshe, wamfunge jeraha, wamlaze. Mgeni akikumbatiwa, amrudishe mtoto kwa mama kwa upole: "Mwombe mama." Shangazi mmoja alikasirika, akaona ananyimwa mtoto. Mama alilazimika kusimama imara, na alisimama.

Kwa nini iwe ni mama

Kufikia mwezi wa nne picha iligeuka. Mama akimchana nywele anapiga kelele. Baba akimchana anatulia. Mama akimpa kikombe anakiweka kando, baba akimpa kilekile anakunywa. Usiku anamwita baba. Mchana, mama akitoka hata kwenda uani, anamfuata mpaka mlangoni, kisha mama akirudi anamgeuzia mgongo.

Mtu akitazama juujuu atasema baba ana mkono mzuri zaidi. Sivyo. Kituoni hapakuwa na wanaume, kwa hiyo baba hakuwa na historia yoyote. Mama alikuwa na historia nzima nyuma yake: mwanamke wa kwanza aliyetoweka kabla mtoto hajaweza kukumbuka sura yake, na wanawake wote wa zamu waliofuata. Kwa akili ya mtoto huyu, anayeitwa mama ni mtu anayeondoka, na kadiri anavyozidi kuwa mwema ndivyo kuondoka kwake kutakavyouma zaidi. Kumsukuma mapema ni kujikinga. Kule kumfuata mlangoni kisha kumpa mgongo kulitosha kuonyesha kwamba tayari alikuwa ameshampenda na anaogopa.

Nilimweleza mama hivyo na akalia. Hata hivyo maelezo hayamwondolei mtu uchovu. Alikuwa halali vizuri, alijifungia bafuni, na alisema kwa aibu kwamba anajiona yaya wa mtoto anayemchukia. Hali hii ipo na inajulikana. Mwaka 1995 June Bond, mfanyakazi wa masuala ya kuasili, aliiandikia na kuipa jina la sonona ya baada ya kuasili. Mama aliyejifungua anapewa pole na kuulizwa hali yake. Mama aliyeasili anapewa hongera tu, na akilalamika anaambiwa si aliyataka mwenyewe. Nilimpeleka kwa daktari wake siku zilezile, na nasisitiza hili kwa kila anayeshughulikia kisa cha aina hii: usimpe mama mzigo wa mbinu mpya kumi kabla hujajua kama analala.

Baba naye alipewa kazi ngumu, ya kurudi nyuma. Mtoto akimwendea na kikombe, amwambie, "Twende kwa mama atupe," na waende wote wawili. Alikiri kwamba kupendwa kulimpendeza. Nani asingependezwa?

Lugha

Hapa ndipo kisa kilipofungukia, na ndipo panaposahauliwa zaidi.

Jamaa mmoja aliwashauri wazazi waache kabisa lugha ya zamani ili mpya iingie haraka. Wazazi walikuwa wamejifunza maneno machache ya lugha ya mtoto: njaa, maumivu, choo, lala, usiogope. Wakayaacha. Kisha mwezi wa pili mtoto aliumwa jino, na wao wakampigia simu mkalimani wakaweka sauti wazi ili amuulize linauma wapi. Mtoto aliposikia lugha yake ikitoka kwenye simu aliingia uvunguni mwa kitanda. Alikaa huko muda mrefu, akajikojolea, hakutoka mpaka baba alipolala chini sakafuni karibu naye bila kusema neno. Wakahitimisha kwamba anaichukia lugha yake, na wakafurahi kidogo kwamba wamepata sababu ya kuiacha.

Hakuichukia. Kwa mtoto aliyedhani yuko matembezini, sauti ile ilimaanisha kwamba wamekuja kumchukua. Hofu ya kurudishwa huwa ndani ya watoto wengi wa namna hii, na lugha ya nyumbani ndiyo huiamsha haraka kuliko kitu kingine. Inaweza kuishi sambamba na hamu ya kurudi. Binti huyu alitaka kurudi, na wakati huohuo aliogopa kurudishwa.

Wakati huo lugha yenyewe ilikuwa ikimtoka. Wazazi wengi hudhani mtoto wa miaka minane hawezi kusahau lugha yake. Anaweza, na kuanza kuipoteza aghalabu ni suala la miezi. Christophe Pallier na wenzake walichapisha mwaka 2003 uchunguzi wa watu wazima waliozaliwa Korea na kuasiliwa Ufaransa wakiwa na umri kati ya miaka mitatu na minane. Walisikilizishwa sentensi za Kikorea huku ubongo ukipigwa picha, na hawakutofautiana na Wafaransa ambao hawajawahi kukijua Kikorea. Utafiti wa Montreal wa mwaka 2014 uligundua jambo la upande mwingine: wasichana walioasiliwa kutoka China wakiwa wadogo sana, ambao sasa wanaongea Kifaransa peke yake, ubongo wao bado uliitikia toni za Kichina, yaani mpando na mshuko wa sauti unaobadili maana ya neno, kama ubongo wa wanaokijua, ingawa hawaelewi neno. Kwa hiyo kuna kinachobaki, lakini mtu hawezi kukitumia kusema.

Upande wa lugha mpya, Jim Cummins aliwachunguza watoto wahamiaji Kanada na kukuta kwamba mazungumzo ya kila siku huchukua kama miaka miwili, ilhali lugha ya masomo huchukua miaka mitano hadi saba. Tuyaweke pamoja tuione hali ya binti huyu mwezi wa tano. Lugha mpya inamtosha kucheza, kuomba na kugombana. Haimtoshi kueleza kwamba kuna mtu amemwacha. Ile ya zamani, ambayo ndani yake kumbukumbu zake zote zimewekwa, inafifia na nyumbani hakuna anayeisema. Mtoto wa namna hii hana mahali pa kuliweka jambo zito isipokuwa mwilini na mikononi, na mikono ndiyo iliyovunja vitu.

Tulimrudisha mkalimani, safari hii kwa maandalizi. Kwanza wazazi walitengeneza ukutani karatasi ya siku za wiki yenye picha za mtoto mwenyewe: leo yuko hapa, kesho yuko hapa, keshokutwa yuko hapa, picha ya kitanda chake kila usiku. Waliipitia kila jioni. Kisha mkalimani, mama mtu mzima mwenye sauti ya taratibu, akaonekana kwenye video, mtoto akiwa amekaa kati ya mama na baba. Sentensi ya kwanza tulikubaliana kabla: "Sikuja kukuchukua. Hapa ndipo unapoishi. Mimi nasaidia maneno tu." Mtoto alimfanya airudie. Akaifanya irudiwe tena.

Mazungumzo yaliyofuata, yaliyosambaa katika wiki kadhaa, ndiyo yaliyotufunulia ile sentensi ya kwenye ripoti.

Mtoto wa kitanda cha jirani

Kituoni kulikuwa na mtoto wa kiume mdogo aliyelala kitanda kinachofuata. Aliletwa akiwa bado hatembei. Walezi walikuwa wachache, hivyo binti huyu alipewa kumwangalia, na mwisho akawa wake. Alimlisha, alimwosha, alimfundisha kutembea akimshika vidole. Alijua kwamba hapati usingizi mpaka ashike sikio la mtu. Asubuhi ya safari mdogo huyo alikuwa bado amelala, na binti hakuagana naye kwa sababu aliamini atarudi.

Baada ya kulijua hilo, mengi yaliyokuwa yakiitwa utovu wa nidhamu yalibadilika sura. Chakula alichokificha alikuwa akijiwekea akiba, na sehemu yake alikuwa akimwekea mwenzake. Kwa kaka yake mpya wa miaka sita alikuwa mkali: anamvalisha kwa nguvu, anampangusa kamasi, anampiga mkono akichukua chakula kabla ya wakubwa. Wazazi waliogopa kwamba ni ukatili. Alikuwa akimlea kwa namna pekee aliyoijua, namna ya kituoni, ambako mdogo anayenyoosha mkono mapema huwaponza wote. Na vitu vya mvulana vilivunjwa, tulipofuatilia nyakati zake, kila mara muda mfupi baada ya mama kumpakata mvulana huyo. Alikuwa akitazama kile alichokuwa akikitoa yeye, na hakuna aliyempa yeye.

Uongo nao una mzizi wa karibu na huo. Mahali ambapo kosa la mmoja linaadhibiwa kwa wote, jibu la "si mimi" hutoka mdomoni kabla ya mawazo. Niliwaomba wazazi waache kuuliza maswali wanayojua majibu yake. Badala ya "Nani amemwaga?" waseme, "Naona kumemwagika, tupanguse." Baba aliona ni kumlea mtoto bila maadili. Tulibishana kidogo. Msimamo wangu ni kwamba ukweli unahitaji usalama kwanza, na mtoto ambaye bado hajui kama atalala hapa mwezi ujao hawezi kuumudu.

Kwa ajili ya yule mdogo, wazazi waliandika barua kwa kituo kupitia shirika lililosimamia kuasili. Wapo walioonya kwamba kufungua mlango huo kutamrudisha mtoto nyuma. Sikubaliani nao hata kidogo. Kifungu cha 30 cha Mkataba kinazitaka mamlaka zihifadhi habari za asili ya mtoto na kumwezesha kuzipata kwa kadiri sheria za nchi zinavyoruhusu. Kwa mtoto mkubwa, habari za asili yake zimo pia katika watu aliowapenda. Jibu lilichelewa, kisha likaja: picha moja na maneno machache. Mdogo yupo, mzima, anaangaliwa na msichana mwingine mkubwa. Binti aliitazama picha, akauliza maswali mawili: kama bado analala upande wa dirishani, na kama yule msichana anajua habari ya sikio. Usiku huo alilia kwa mara ya kwanza tangu alipofika, kilio kirefu cha sauti, na alimruhusu mama amshike.

Mama na mkalimani wakamwandikia yule msichana habari ya sikio.

Afya, kwa ufupi

Vipimo vilivyofanyika kabla ya safari havitoshi. Hepatitisi, kifua kikuu na madini ya risasi kwenye damu hupimwa tena baada ya kufika, na baadhi hurudiwa baada ya miezi. Masikio na macho yapimwe kabla mtu hajasema mtoto ni mzito wa kuelewa. Binti huyu sikio moja lilikuwa na uchafu na maambukizi ya muda mrefu, yakatibiwa. Kuhusu umri, wazazi waliulizia picha ya eksirei ya mkono ili kuhakikisha miaka. Kipimo hicho hakiwezi kutoa tarehe ya kuzaliwa, hasa kwa mtoto aliyekosa lishe, kwa sababu mifupa yake inaweza kuwa nyuma ya miaka yake. Niliwaomba wasikimbilie kubadilisha umri kisheria.

Jambo moja sitaki lipite haraka: balehe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 nchini Denmark ulikuta wasichana walioasiliwa kutoka nje wana uwezekano mara 10 hadi 20 zaidi wa kubalehe mapema kupita kiasi. Mtoto aliyeanza kula vizuri na kukua kwa kasi baada ya kuwasili afuatiliwe urefu na dalili za mwili kila miezi michache. Mama aliandaliwa kuzungumza na binti yake mapema, maana kuvunja ungo ukiwa katika nyumba ngeni, bila mtu aliyekueleza chochote, ni hofu ambayo inaweza kuepukwa.

Shule

Mwalimu wa darasa alipendekeza achunguzwe kwa ulemavu wa kujifunza, na akafanya vema kulisema. Tatizo lilikuwa lugha ya kipimo. Mtoto mwenye miezi mitano katika lugha fulani akipimwa kwa lugha hiyo, kinachopimwa ni miezi mitano. Upande wa pili, kusema "tumpe muda" kungekuwa kosa vilevile, kwa sababu lugha pekee ambayo angeweza kupimwa kwa haki ilikuwa ikimtoka wiki kwa wiki. Nilishikilia apimwe mara moja kwa lugha yake ya kwanza, na mtaalamu anayeijua akapatikana kwa taabu.

Matokeo yalisaidia. Kumbukumbu yake ilikuwa nzuri, hesabu za kichwa alizimudu, na alisimulia hadithi yenye mwanzo na mwisho. Kusoma hakujua katika lugha yoyote, kwa sababu hakuwahi kufundishwa ipasavyo. Utulivu wa mawazo ulikuwa dhaifu, jambo linalohitaji kuangaliwa tena baada ya usingizi na hofu kutulia. Kwa hiyo afundishwe kusoma kuanzia herufi, kama anayeanza, bila kusubiri lugha ikamilike, na bila kupewa jina la ulemavu kwa sasa.

Hali ilivyo baada ya mwaka mmoja na nusu

Analia akiumia, na anamwendea mama, si kila mara lakini mara nyingi. Urafiki na wageni umepungua. Sasa huuliza kwa macho kabla ya kumsogelea mtu. Chakula bado anaficha wiki zenye mabadiliko, kama za likizo au baba anaposafiri, na wazazi wamemwekea kasha lake la chakula chumbani lisilofungwa ambalo halikaguliwi. Anamfokea mama kuliko anavyomfokea mtu mwingine yeyote, na hilo mimi nalihesabu kuwa faida. Na kaka yake wanagombana kama watoto wa nyumba moja. Mvulana naye alipewa muda wake peke yake na kila mzazi, kwani alikuwa ameanza kukojoa kitandani na nusura asahauliwe. Lugha ya kwanza anaielewa zaidi ya anavyoisema, na anaongea na yule mama mkalimani kila mwezi.

Lililobaki mezani ni darasa. Mwalimu anataka arudie mwaka, baba anakubali, mama anakataa. Mimi nasimama na mama kwa sababu moja: mwaka huu binti amepata rafiki wa kwanza tangu afike, wanakaa dawati moja, na kumshusha darasa ni kumwondolea mtu mwingine tena bila kumuuliza. Masomo ya ziada ya kusoma yanaweza kuongezwa akiwa palepale alipo. Kikao na shule ni mwisho wa muhula, na tumeomba binti mwenyewe aingie na asikilizwe kabla ya mtu mzima yeyote kutoa maoni yake.